Kama Umeamua Kuacha Sigara kwa Vepu: Uanze na Kifaa Gani, na Maji Gani?

(Mada iliyotolewa katika siku ya afya ya familia za Waswahili waishio Uingereza. Tumeichapa karibu kama ilivyosemwa.)



Tulipoombwa kuja kuzungumza juu ya vepu, yaani sigara za umeme, tulijua kwamba wengi wangetarajia tuje kukemea. Tutakemea kidogo, lakini baadaye. Leo tumekuja hasa kwa ajili ya wale wachache tuliowaona wakati wa mapumziko wakitoka upande wa maegesho ya magari na kurudi wakinuka sigara. Hatuwasemi vibaya. Katika sisi wawili tulio mbele yenu, mmoja alivuta sigara miaka 19, pakiti moja kwa siku, na mwingine ni muuguzi aliyefanya kazi miaka mingi katika wodi za magonjwa ya kifua. Kwa hiyo jambo hili tumeliona kutoka ndani na kutoka nje.

Tuseme neno moja mapema ili asije mtu akatunukuu vibaya huko nje. Swali la "nianze na vepu ipi?" lina jibu kwa mtu anayevuta sigara tu. Kwa asiyevuta hakuna vepu ya kuanzia, iwe ndogo, iwe ya embe, iwe ya zawadi. Ni sawa na mtu mzima wa afya kuomba magongo ya kutembelea kwa sababu yana rangi nzuri.

Sasa kwa nini mvutaji apewe jibu tofauti? Kwa sababu katika sigara mharibifu mkubwa ni moto. Tumbaku inapoungua hutoa kemikali zaidi ya 7,000, na humo ndimo mnatoka lami inayoganda mapafuni na hewa ya kaboni monoksaidi inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Nikotini ndiyo kamba inayomfunga mtu asiache, lakini saratani ya mapafu kwa sehemu kubwa inaletwa na huo moshi. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba tumbaku huua hadi nusu ya watumiaji wake wasioiacha. Vepu haina moto. Ina betri, na betri hiyo hupasha kiwaya kidogo kinachoitwa koili, ambacho kimezungushiwa pamba iliyolowa majimaji yenye nikotini. Majimaji yakipata joto yanakuwa mvuke, na mvuke ndio unaovutwa. Aliyebuni chombo cha namna hii mwaka 2003 ni mfamasia wa China aitwaye Hon Lik, ambaye mwenyewe alikuwa mvutaji na baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu.

Mvuke huo si hewa safi. Una kemikali chache mno kuliko moshi, lakini unazo, na vyombo hivi havijakaa duniani miaka ya kutosha kuona mtu aliyevitumia tangu ujana hadi uzee. Hapa tuongeze neno kuhusu shisha, maana kila tunapokwenda tunaulizwa. Shisha si vepu. Shisha ina mkaa na ina tumbaku, na kupita kwenye maji hakuufanyi moshi wake kuwa safi.

Je, vepu inasaidia kweli mtu kuacha? Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika hapa Uingereza kwa watu 886 waliokuwa wakihudhuria huduma za kuacha sigara. Nusu walipewa vepu, nusu wakapewa vibandiko, jojo na dawa nyingine za nikotini walizochagua. Baada ya mwaka mmoja, katika kila watu 100 waliopewa vepu, 18 walikuwa hawavuti tena sigara. Upande wa pili walikuwa 10 hivi. Ni karibu mara mbili. Lakini tusiishie hapo kama wafanyabiashara wanavyopenda. Wote hao walipata ushauri wa ana kwa ana kila wiki kwa wiki nne za mwanzo. Walioshindwa walikuwa wengi kuliko waliofaulu. Na katika wale waliofaulu kwa vepu, 80 katika kila 100 walikuwa bado wanavuta vepu mwaka ulipokwisha. Ndiyo maana wataalamu hawasemi kwa sauti moja. Serikali hapa ilitangaza mwaka 2023 mpango wa kuwapa wavutaji milioni moja wa England vifaa vya kuanzia pamoja na ushauri. Mwaka huohuo, mwezi Desemba, Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi zichukue hatua za haraka kuwalinda watoto na vepu, likisema hazijathibitika kusaidia jamii nzima kuacha tumbaku. Sisi tunaona pande zote mbili zina hoja, maana mmoja anamtazama mzee wa miaka 55 anayekohoa usiku na mwingine anamtazama mtoto wa darasa la nane.

Tuanze na huyo wa miaka 55.

Tuna mjomba wetu mmoja, dereva wa basi, aliyevuta sigara miaka thelathini. Aliposema anataka kuacha, mpwa wake kwa mapenzi mema akamnunulia chombo kikubwa cha bei kubwa, kizito kama tochi ya askari, chenye taa na vitufe, pamoja na chupa kubwa ya maji ya embe yenye nikotini miligramu 3. Mjomba akavuta kama anavyovuta sigara yake. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka, sebule ikajaa wingu, shangazi akafungua madirisha yote. Na baada ya kuhangaika kote huko kiu haikutulia, kwa sababu nikotini ilikuwa ndogo mno kwa mtu wa pakiti moja kwa siku. Siku ya tatu arosto ikamshinda, akaenda dukani kununua pakiti. Chombo kikaingia kabatini na maneno yakawa, "Hivi vitu havifanyi kazi." Miezi minane ilipita kabla hajakubali kujaribu tena. Miezi minane ya sigara, kwa sababu ya kununua kisichomfaa.

Makosa yalikuwa mawili, na ndiyo tunayoyaona kwa wanaoanza karibu wote: chombo kikubwa kupita haja, na nikotini ndogo kupita haja.

Kuhusu chombo, anayeanza anahitaji kile kidogo cha podi. Podi ni kikopo cha plastiki chenye majimaji na koili, kinachochomekwa juu ya betri. Kwa sheria ya hapa kikopo hakitakiwi kuzidi mililita 2. Vingi havina hata kitufe. Unavuta tu kikawaka. Ziko podi zinazokuja zimejazwa tayari, ukimaliza unatupa na kuchomeka nyingine, na hizi zinawafaa wazee wetu ambao macho na vidole havitaki tena kazi ya kumimina kwenye tundu dogo. Ziko za kujaza mwenyewe, nazo ndizo nafuu kwa mfuko. Chombo kizuri cha kujaza kinapatikana kwa pauni 10 hadi 25. Anayekuuzia cha pauni 60 siku ya kwanza anajisaidia yeye.

Ukiwa dukani uliza swali moja la kiufundi: koili yake ni omu ngapi? Ikiwa ni juu ya 1, chombo hicho kinavutwa kama sigara, yaani mvuke unakaa kwanza mdomoni kisha unashuka. Ikiwa chini ya 1, mara nyingi ni cha kuvuta moja kwa moja hadi kifuani kama mtu anayepumua kwa nguvu. Hicho ndicho kilichomtoa mjomba machozi. Kinataka nguvu nyingi, kinakula maji mengi, na mvutaji wa sigara hakijui.

Swali la pili muhimu: podi za akiba zipo? Tangu tarehe 1 Juni 2025 vepu za kutumia mara moja na kutupa zimepigwa marufuku Uingereza nzima. Hivyo baadhi ya wauzaji huleta chombo chenye tundu la chaja ili kionekane kinatumika tena, lakini ukirudi wiki ijayo kutafuta podi yake hakuna. Nunua chombo na pakiti ya podi zake pamoja. Kama podi hazipo, acha.

Sasa tuje kwenye nikotini, na hapa tunaomba msikilize vizuri kwa sababu ndipo safari nyingi zinapokwamia. Chupa huandikwa miligramu kwa mililita. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa hapa ni 20, na baadhi ya wauzaji huandika 2%, ni kitu kilekile. Watu wanaogopa namba kubwa. Wanasema, "Nataka kuacha, kwa hiyo nianze na ndogo." Inaonekana ni busara, na ndiyo inayowarudisha dukani kununua pakiti. Jiulize hivi: asubuhi ukiamka, sigara ya kwanza unaivuta baada ya muda gani? Kama ni ndani ya nusu saa, au kama unamaliza sigara 20 kwa siku, anza na 18 au 20. Kama ni sigara 10 hivi, na asubuhi unaweza kunywa chai kwanza, jaribu 10 au 12. Mvutaji wa sigara tatu nne jioni anaweza kutoshwa na 6. Ukipata kichefuchefu, kizunguzungu au kichwa kuuma, umezidisha. Pumzika, kisha teremka ngazi moja. Ukijikuta unanyonya chombo mfululizo saa nzima na bado unaitamani sigara, nikotini ni ndogo, panda.

Iko nikotini ya kawaida na iko chumvi ya nikotini. Ya kawaida ikiwa na nguvu kubwa hukwaruza koo, na wako wavutaji wanaopenda hivyo kwa sababu inawakumbusha sigara. Chumvi ya nikotini inapita laini hata kwenye 20. Kwa anayeanza na kiwango cha juu tunapendekeza chumvi, ila itumike kwenye chombo kidogo tu. Maji ya 20 kwenye chombo kikubwa cha mawingu yatamwangusha mtu kitini.

Majimaji yenyewe yanatengenezwa kwa vitu viwili, propilini glikoli na glisirini ya mimea. Cha kwanza ni chepesi na kinabeba ladha. Cha pili ni kizito na kinaleta mvuke mwingi. Kwa podi ndogo chukua nusu kwa nusu, imeandikwa 50/50. Yenye glisirini 70 ni nzito, haipenyi kwenye pamba ya koili ndogo, pamba inakauka na kuungua, na ladha yake mtu haisahau upesi. Kwa sababu hiyohiyo, ukijaza podi mpya ngoja dakika kama kumi pamba inywe kabla ya kuvuta. Tumewaona wengi wakiunguza podi dakika ya kwanza kwa haraka tu. Koili nayo inachakaa; baada ya wiki moja au mbili ukisikia ladha ya kuungua, badilisha, usijilazimishe.

Ladha? Hapo hatuna ubishi na mtu. Mjomba alichukua ya tumbaku, baadaye akahamia mnanaa. Wapo wanaosema ladha ya matunda ndiyo iliyowasaidia kusahau sigara, na tunawaamini.

Lakini tuseme kitu kuhusu maji yasiyojulikana yalikotoka. Wengi mnakumbuka habari za Marekani za mwaka 2019, watu walipoanza kulazwa kwa ugonjwa mbaya wa mapafu. Kufikia Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 2,807 na vifo 68. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi wao walivuta mafuta ya bangi yaliyonunuliwa mitaani, na ndani yake mlikuwa na vitamini E asetati, kitu cha mafuta kilichotiwa kuyafanya yawe mazito. Mafuta hayana kazi mapafuni. Tunalisema kwa mkazo kwa sababu mama mmoja alitusimamisha baada ya mkutano kama huu akauliza kama mumewe anaweza kudondoshea matone ya mafuta ya karafuu apate harufu ya nyumbani. Hapana, mama. Si karafuu, si mdalasini, si udi. Hata kama ni dawa kwa kupaka, si kitu cha kuvuta.

Chupa halali ya hapa, kama ina nikotini, haizidi mililita 10, ina kifuniko asichoweza kukifungua mtoto, ina orodha ya vilivyomo, namba ya toleo na onyo kwamba nikotini inaleta uraibu mkubwa. Mamlaka ya dawa, MHRA, ina orodha iliyo wazi kwa umma ya bidhaa zilizopelekwa kwake, na mwenye simu anaweza kutafuta. Usinunue kwenye mfuko wa mtu, wala kaunta yenye vepu chini ya meza. Zile chupa kubwa zisizo na nikotini, ambazo watu huzichanganyia wenyewe, tunaziacha. Si za wanaoanza.

Nyumbani, chupa zikae juu na zifungiwe. Maji haya yananukia peremende, na mtoto wa miaka miwili hajui tofauti. Nikotini ikinywewa ni sumu, na hata ikimwagika kwenye ngozi ioshwe mara moja. Betri ichajiwe kwa waya wake, juu ya kitu kigumu, mtu akiwa macho. Si kitandani, si usiku kucha. Mjamzito anayevuta sigara aanze kwa mkunga wake, kwa sababu vibandiko na dawa za nikotini zilizoidhinishwa ndizo zinazotangulia kushauriwa kwake.

Wasafiri nao wasikie. Kwenye ndege vepu huwekwa kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku linaloshushwa chini. Ni agizo la kimataifa tangu 2015. Na si kila nchi inaipokea. Uganda, kwa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015, imekataza kuingiza na kuuza vepu. Qatar, ambako wengi wetu tunabadilisha ndege kwenda nyumbani, nayo ina katazo katika sheria yake ya mwaka 2016. Ulizia kabla hujafunga sanduku. Ukienda mahali pa namna hiyo, omba vibandiko kwa mfamasia uende navyo.

Mjomba kwa mara ya pili alipata podi ndogo, chumvi ya nikotini 20, na akakubali kwenda huduma ya kuacha sigara ya halmashauri, ambayo ni bure. Wiki ya kwanza alivuta vyote viwili, na hilo halikututisha. Lililotutisha ni pale mwezi wa pili ulipoingia akawa bado ana sigara mbili za usiku baada ya zamu. Alisema ni mbili tu. Mwili hauhesabu hivyo. Hata sigara chache kwa siku zinaendelea kuumiza moyo na mishipa ya damu. Faida ya vepu inaanza sigara ya mwisho inapozimwa. Mshauri wake akampangia tarehe, shangazi akatupa vibao vya majivu, na tarehe ikapita salama. Leo ni mwaka na nusu hajagusa sigara. Ametoka 20 akaja 10, sasa yuko kwenye 6, na hapo amekwama. Anasema atashuka baada ya Ramadhani, kisha anasema baada ya likizo. Tunamngoja bila kumsukuma sana, kwa sababu akisukumwa akarudi kwenye sigara tutakuwa tumepoteza zaidi. Lakini pia hatumwambii kwamba amemaliza.

Sasa kile kidogo cha kukemea. Tangu Oktoba 2015 ni kosa hapa kumuuzia vepu yenye nikotini aliye chini ya miaka 18, na ni kosa mtu mzima kumnunulia. Tunajua wako kaka wanaowanunulia wadogo zao, tena kwa kusema "afadhali hii kuliko sigara." Afadhali kwa nani, ikiwa mtoto hakuwa anavuta sigara? Na tatizo si nikotini tu. Watafiti wa chuo kikuu cha Bath walipima vepu zilizonyang'anywa wanafunzi katika shule 38 za England, na matokeo waliyoyatangaza 2024 yalionyesha kwamba karibu moja kati ya sita ilikuwa na dawa ya kulevya ya kutengenezwa iitwayo spaisi. Watoto wengi walidhani ni maji ya kawaida. Kwa hiyo mzazi ukikuta kitu cha rangi kama kalamu nene ndani ya mkoba wa shule, usianze na kofi. Kichukue, kiweke mbali, uliza kilitoka kwa nani na kama mwenzake yeyote ameugua. Jibu la swali hilo ndilo unalolihitaji usiku huo.

Tumemaliza kwa upande wetu. Kwenye meza ya nyuma tumeweka vyombo vitatu vitupu, visivyo na majimaji, pamoja na chupa tupu ili mjifunze kusoma maandishi yake. Havigawiwi wala haviuzwi. Wanaovuta sigara waje mmojammoja, waje na pakiti zao tujue wanaanzia namba gani, na muuguzi wetu ana fomu za kujiandikisha kwenye huduma ya kuacha sigara. Tutakuwepo hadi saa kumi na moja jioni. Vijana msiovuta, chai na maandazi yako upande ule mwingine.